Siku Moja Katika Kisiwa cha Saanane

Mtoto wa mchimbaji wa Geita humjua simba kwa noti ya shilingi elfu mbili, na tembo humjua kwa noti ya elfu kumi, iwapo baba yake amebahatika wiki ile. Mtoto wa Shinyanga naye ni hivyo hivyo. Ni ajabu, maana zamani nchi hizi zilijaa wanyama hata watu wakasumbuliwa nao.

Habari yenyewe ni hii. Tangu miaka ya 1920 maelfu ya watu wa Shinyanga, kwa amri za watemi wao na kwa mpango wa Bwana Swynnerton, mkuu wa idara ya wanyama ya Serikali ya kikoloni, walitolewa kufyeka misitu ili kumfukuza mbung'o, aliyewaua ng'ombe kwa nagana na watu kwa malale. Mbung'o alipungua, ng'ombe wakaongezeka. Lakini mti ulipoondoka, mnyama aliondoka nao. Sisemi ya kuwa wazee wetu walikosea. Mtu aliyepoteza zizi zima hana haja ya kuhubiriwa uzuri wa msitu. Nasema tu ya kuwa sehemu ya gharama ile wanailipa watoto wetu. Kweli, mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioendeshwa kuanzia mwaka 1986 hata 2004, uliyarudisha mangitili mengi, na ndege wakarudi nayo. Lakini simba harudi kwa ngitili.

Basi mimi na shemeji yangu, mchimbaji mdogo wa Geita, tulikata shauri kuwapeleka watoto Mwanza, katika Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Saanane. Sisi tulipanda basi Shinyanga alfajiri, tumefunga matobolwa na chupa za maji. Wao walikuja kwa njia ya Busisi, ambako tangu mwaka 2025 daraja la kilometa tatu limewaondolea wasafiri kazi ya kungojea kivuko. Tulikutana Capri Point, mahali mashua inapoondokea.

Hapo dada yangu akagoma. Alisema hapandi. Hakuna aliyemcheka, maana nani katika Kanda ya Ziwa asiyekumbuka MV Bukoba ya mwezi Mei 1996, au MV Nyerere iliyopinduka karibu na Ukara mwezi Septemba 2018? Shemeji akajaribu kumshawishi.

"Mama watoto, mimi nashuka ndani ya duara kila siku, na kamba ni moja. Wewe wakataa mashua yenye jaketi okozi kwa kila mtu?"

"Ndiyo maana nakataa," akajibu. "Mmoja akiingia shimoni, sharti mwingine abaki juu."

Shemeji hakuwa na la kusema, wala mimi. Askari wa hifadhi, kijana mwenye adabu, hakubishana naye. Alimwamkia, akamvika jaketi mtoto mdogo kuliko wote, akakaza mikanda, kisha akamwomba mama aikague mwenyewe. Akaikagua kwa muda mrefu. Halafu akapanda. Safari yenyewe haikufika robo saa.

Kisiwa hiki ndicho hifadhi ya taifa iliyo ndogo kuliko zote nchini: kilometa za mraba 2.18 tu, pamoja na maji yake. Jina lake ni la Mzee Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima aliyekuwa na makao yake hapo kabla ya Serikali kukichukua. Mwaka 1964 kilifanywa bustani ya wanyama, ya kwanza katika nchi yetu. Hifadhi ya taifa kimekuwa tangu mwaka 2013. Watoto walipanda majabali mpaka magoti yakachubuka. Waliwaona pimbi wakiota jua, na mijusi wenye vichwa vyekundu na miili ya buluu, na swala pala waliotutazama bila hofu kubwa.

Mbele ya wigo wa simba mpwa wangu alisimama kimya, kisha akauliza, "Baba, huyu amefanya kosa gani?"

Askari ndiye aliyejibu, na jibu lake lilikuwa refu. Alisema ya kuwa Saanane ilikuwa pia kituo cha kungojea: wanyama waliletwa hapo katika miaka ya 1960, kisha baadhi yao wakavushwa kwenda Kisiwa cha Rubondo, ambacho leo kimo katika Mkoa wa Geita. Akatusimulia habari za Profesa Grzimek, Mjerumani, aliyewafungulia sokwe 17 huko Rubondo kati ya mwaka 1966 na 1969. Sokwe hao walikuwa wamekaa katika vizimba vya Ulaya. Hakuna aliyewafundisha kutafuta tunda wala kujenga kitanda mtini. Wakajifunza wenyewe, wakazaa, na wajukuu wao sasa humkimbia mtu kama sokwe yeyote wa mwituni.

"Kumbe walisahau kizimba," akasema mtoto.

Mimi naona ya kuwa ofisi na vyama vya wafanyakazi, vinavyonunua fulana mpya kila Mei Mosi, vingeweza mwaka mmoja kukodi basi badala ya fulana. Raia hulipa kiingilio kwa shilingi, tena kidogo sana kuliko dola za mgeni. Mtalii huvuka bahari kuona tulivyo navyo. Sisi tumeshindwa na kituo cha basi.

Saa kumi tulirudi ufukoni. Dada yangu alikuwa amejifunga jaketi yake mwenyewe kabla hajaambiwa. Tulipokuwa majini alimwuliza askari mashua ya kwenda Rubondo huondokea wapi.

"Kasenda, mama, karibu na Muganza. Kwenu ni karibu."

Akamtazama mumewe, akaanza kuhesabu kwa vidole siku za likizo ya shule.