Kitundu Kilichoziba: Jinsi Ndege ya Bibi Markham Ilivyoanguka Mwaka 1936

Wengi wetu tumepata kutoboa debe la mafuta. Mtu akitoboa tundu moja tu, mafuta hutoka kidogo, hukatika, kisha hutoka tena kwa kwikwi. Akitoboa tundu la pili, yanamiminika vizuri mpaka debe linakwisha. Sababu yake ni kwamba mafuta hayawezi kutoka isipokuwa hewa iingie na kushika mahali pake. Jambo hili, ambalo kila mwenye duka analijua, ndilo lililoangusha ndege moja mashuhuri mwaka 1936.

Ilikuwa ndege ndogo ya aina ya Vega Gull, yenye injini moja, na mwili wake ulikuwa wa mbao na kitambaa. Iliandikishwa Kenya kwa herufi VP-KCC. Rubani wake, Bibi Beryl Markham, alizaliwa Uingereza lakini aliletwa Kenya angali mtoto mdogo, akakulia Njoro, ambako baba yake alifuga farasi. Kiswahili alikijua vema. Ndege hiyo haikuwa mali yake, aliiazima.

Jioni ya tarehe 4 Septemba 1936 aliondoka Abingdon, Uingereza, peke yake, akikusudia kufika New York bila kutua. Hakuchukua hata simu ya upepo. Safari ya upande huo ni ngumu kuliko ya kurudi, kwa kuwa juu ya Atlantiki pepo kwa kawaida huvuma kutoka Amerika kuelekea Ulaya. Ndege inayokwenda magharibi hupingana na upepo njia nzima, nayo hula petroli nyingi. Kwa ajili hiyo yaliongezwa matangi ndani ya chumba wanamokaa abiria. Rubani alipaswa kuliacha tangi moja likauke kabisa, injini izimike, ndipo afungue bilula ya tangi la pili. Bibi Markham ameeleza kwamba usiku ule injini ilipozimika hivyo, alipapasa gizani kutafuta bilula huku ndege ikishuka, na injini ilipowaka tena bahari ilikuwa futi 300 tu chini yake. Na hapo hapakuwa na kosa lolote la mtambo! Ndivyo kazi ilivyopangwa.

Kosa lenyewe lilikuja mchana, wakati alipokwisha kuona nchi kavu ya Amerika na kubakiwa na tangi la mwisho, ambalo petroli yake ilitosha. Injini ilianza kukohoa. Ikazimika, ikawaka, ikazimika tena. Katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1942 alieleza kuwa barafu ilikuwa imeziba njia ya kuingizia hewa katika tangi lile. Msomaji asistaajabu kusikia habari ya barafu. Kadiri mtu anavyopanda juu ndivyo baridi inavyozidi. Mlima Kenya uko karibu kabisa na mstari wa Ikweta, lakini kileleni maji huganda. Ndege ikipita katika mawingu ya baridi kali, matone ya maji huganda mara yanapoigusa. Kitundu kikiisha kuziba, petroli hutoka kwa kwikwi kama ile ya debe. Injini ilikuwa nzima, na petroli ilikuwamo, lakini haikuifikia.

Watu wengi hudhani kwamba injini ikizimika ndege huanguka kama jiwe. Sivyo. Mabawa ndiyo yanayoichukua ndege hewani. Kazi ya injini ni kuisukuma mbele ili hewa ipite kwa nguvu juu na chini ya mabawa hayo. Ikizimika, rubani huinamisha pua kidogo, na ndege huteremka polepole mfano wa baiskeli kwenye mteremko, ingawa mpandaji hakanyagi. Lakini mteremko huo una mwisho wake, na rubani hawezi kupanda tena kutafuta mahali pazuri zaidi.

Bibi Markham alijitahidi kufika ufuoni pa kisiwa cha Cape Breton, nchini Kanada, akatua karibu na Baleine. Palikuwa kinamasi. Magurudumu yalizama, pua ikachimba matopeni, mkia ukainuka juu, naye akaumia kichwani. Alikuwa amekaa hewani zaidi ya saa 20. Alitoka kwa miguu yake mwenyewe, akakutana na wavuvi. New York ilimpokea kwa shangwe baadaye, kwa kuwa alikuwa mwanamke wa kwanza kuivuka Atlantiki peke yake kutoka mashariki kwenda magharibi. Alifariki Nairobi mwaka 1986.

Katika nchi zetu za joto, adui wa kitundu hicho si barafu pekee. Nyigu wajengao nyumba za udongo hupenda sana vijitundu vya namna hii, na usiku mmoja au mbili ndege ikilala uwanjani huwatosha. Ndiyo maana rubani wa ndege ndogo, kabla ya kupanda, huonekana akiinama chini ya bawa na kuchungulia.