KUCHEZA NI KIMOJA, KUFUNDISHA NI KINGINE

Wengi wetu hudhani kwamba bingwa wa kusakata kabumbu akistaafu huwa kocha papo hapo. Mimi sikubaliani na dhana hiyo, na shahidi wangu ni Todd Yeagley wa Marekani.

Babake, Jerry Yeagley, aliifundisha timu ya Chuo Kikuu cha Indiana tangu 1973 hadi 2003 na kutwaa ubingwa wa vyuo mara sita. Todd aliichezea timu hiyo hiyo kuanzia 1991 hadi 1994. Mwaka wa 1994 Missouri Athletic Club ilimtuza kuwa mchezaji bora wa vyuo, naye mwenzake wa timu, Brian Maisonneuve, akanyakua tuzo ya Hermann. Ligi ya MLS ilipoanza mwaka wa 1996, wote wawili walijiunga na Columbus Crew. Todd alilisakata gozi huko hadi 2002.

Mwaka wa 2003 alirudi Indiana. Je, alikabidhiwa timu mara moja kwa kuwa ni mwana wa mwenyewe? Wapi! Alikuwa msaidizi tu. Mzee alistaafu mwaka huo akiwa bingwa, na kazi ikamwendea msaidizi wake wa miaka mingi, Mike Freitag. Todd akaendelea kusaidia. Mwaka wa 2009 alienda kuwa kocha mkuu Chuo Kikuu cha Wisconsin, na 2010 ndipo Indiana ikamwita. Mwaka wa 2012 aliishinda Georgetown 1-0 katika fainali, likawa kombe la nane la Indiana.

Mbona miaka yote hiyo? Kwa sababu kazi ya kocha wa chuo si mchezo. Huzunguka kusaka vipawa katika shule za sekondari, hubembeleza wazazi, na huchunga masomo ya vijana wake, maana asiyefikisha alama zinazotakiwa hachezi. Tena hadi 2025, timu ya wanaume ya daraja la kwanza iliruhusiwa ufadhili wa wanafunzi 9.9 pekee. Kocha aliugawa kwa wachezaji zaidi ya 20: huyu nusu ya karo, yule robo, mwingine patupu. Na baada ya miaka minne hivi mchezaji amehitimu, kocha aanze upya! Mambo hayo hayafundishwi na chenga wala mabao.

Hata Maisonneuve, aliyecheza Kombe la Dunia la 1998 kule Ufaransa, alikubali kuwa msaidizi wa Todd hapo Indiana kabla ya kuwa kocha mkuu wa Ohio State mwaka wa 2018.

Wahenga walinena kuwa mcheza kwao hutuzwa. Todd alituzwa kwao kwa kucheza, lakini ukocha aliusomea benchi, chini ya wengine. Basi enyi wanakandanda wa shule yetu, siku moja miguu itachoka. Tuanze sasa kujifunza yale yatakayobaki.