Fundi Asizuiwe, Akaguliwe

Tarehe 30 Agosti 1963, katika uwanja wa Thruxton kusini mwa Uingereza, iliruka kwa mara ya kwanza ndege ndogo ya mtu mmoja ambayo haikutoka katika kiwanda chochote. Muundaji wake alikuwa John Isaacs, mwalimu wa shule aliyewahi kufanya kazi katika kampuni ya ndege ya Supermarine. Aliiunda kwa mfano wa Hawker Fury, ndege ya kivita iliyoingia katika Jeshi la Anga la Uingereza mwaka 1931, yenye mabawa ya juu na ya chini.

Mtu aweza kudhani kwamba kazi hiyo ni kunakili tu. Sivyo hata kidogo. Isaacs alipunguza vipimo hadi sehemu 7 kwa kila 10, na urefu wa mabawa, ncha hadi ncha, ukatoka futi 30 hadi futi 21. Kwa hesabu hiyo eneo la mabawa hubaki chini ya nusu, ilhali rubani hapunguziki. Uzito wake ni ule ule. Injini ya asili ilikuwa na nguvu za farasi zaidi ya 500. Yeye alianza na yenye nguvu 65. Mifupa ya asili ilikuwa ya mabomba ya chuma. Yeye alitumia mbao na plaiwudi, akavika kitambaa. Umbo lilikuwa la zamani, lakini kila kiungo kilihitaji hesabu mpya.

Je, Serikali ya huko iliyaachaje maisha ya watu mikononi mwa fundi wa nyumbani? Haikumwacha, wala haikumzuia. Waundaji wa ndege ndogo wana jumuiya yao tangu mwaka 1946, yenye wakaguzi wanaotambuliwa na mamlaka ya usafiri wa anga. Mkaguzi huitazama kazi hatua kwa hatua, na hasa kabla ya kitambaa kufunika mbao, kwani kilichofunikwa hakionekani tena. Baada ya majaribio ndipo hutolewa kibali cha kuruka, nacho hakiruhusu biashara ya kuchukua abiria kwa nauli.

Sisi watu wa visiwani hatuhitaji kufasiriwa jambo hili. Fundi wa jahazi anajua kwamba kalafati na rangi huweza kuficha ubao mbovu, na bahari ndiyo itakayoufichua. Anayekagua chombo siku ya kushushwa majini amechelewa.

Kwa hivyo yafaa viongozi wetu wazingatie. Kumpiga marufuku fundi mbunifu ni kuua elimu. Kumfumbia macho ni kuhatarisha roho za wananchi. Njia ya haki ni mkaguzi mwenye ujuzi, anayefika karakanani mapema, mwenye kanuni zinazojulikana na asiyedai chochote ila kazi njema. Fundi naye asimkimbie. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na angani, kama baharini, hakuna nafasi ya kujenga ukuta.