NJIA YA MSALABA ILIYOZAA MJI



Miji mingi huanza kwa soko. Watu hujenga maduka kwanza, halafu hutafuta kiwanja cha kanisa. Leo tutazame mji mdogo wa Polandi ambao mambo yake yalikwenda kinyume: njia ya Msalaba ilitangulia, mji ukafuata. Jina lake ni Kalwaria Zebrzydowska, nao uko karibu na Kraków. Kalwaria ndiyo Kalvari, na Zebrzydowska latokana na jina la mwanzilishi.

Mwanzilishi huyo ni Mikołaj Zebrzydowski, liwali wa Kraków. Mwaka 1600 alianza kujenga kanisa la Kusulibiwa juu ya kilima kiitwacho Żar. Siku hizo safari ya Yerusalemu ilikuwa ndefu na ya hatari. Maskini hakuweza hata kuiwaza. Basi vilima vya kwao vikapewa kazi mpya. Żar kikawa Golgotha, kilima cha pili kikawa Mlima wa Mizeituni, na kijito cha bondeni kikaitwa Kedroni. Kando ya njia vikajengwa vikanisa, kila kimoja na habari yake: nyumba ya Kayafa, jumba la Pilato, na kuendelea hata kaburini. Watawa wa Mtakatifu Fransisko waitwao Wabernadini wakakabidhiwa kupatunza.

Lakini mahujaji huchoka, huona njaa, hutaka mahali pa kulala. Kwa hiyo mwaka 1617 mji ulianzishwa hapo ili kuwapokea. Hata leo ni mji wa watu elfu chache tu, unaojulikana pia kwa maseremala wake, watengenezaji wa meza, viti na makabati. Juma Takatifu likifika, njia hufurika watu, na wenyeji pamoja na watawa huigiza mateso ya Bwana, kituo baada ya kituo. Mwezi wa Agosti mahujaji hurudi kwa sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria. Mwaka 1999 UNESCO ilipaandika mahali hapo katika urithi wa dunia.

Sasa, wapendwa, sikieni jambo la kutafakari. Mwaka 1606, njia hiyo ikiwa bado inajengwa, Zebrzydowski mwenyewe aliongoza wakuu wenzake kumwasi mfalme Sigismund wa Tatu. Mwaka 1607 walishindwa vitani, na mwaka 1608 akaenda kuomba msamaha. Mtu aliyejenga njia ya unyenyekevu ilimpasa naye ajifunze kuinama. Msalaba waweza kusimama juu ya shamba la mtu kabla haujasimama moyoni mwake.

Tazameni na mwingine. Mwaka 1929, katika mji jirani wa Wadowice, mtoto wa miaka minane alifiwa na mama yake. Husimuliwa kwamba baba alimpeleka Kalwaria. Mtoto huyo, Karol Wojtyła, aliizoea njia ile, akaipita akiwa kijana, na baadaye akiwa askofu. Mwaka 1978 akawa Papa Yohane Paulo wa Pili, na mwaka 1979 na 2002 alirudi hapo kuomba.

Sisi Waanglikana hatukubaliani na ndugu zetu Wakatoliki katika kila jambo la hija. Tena Bwana alimfundisha mwanamke Msamaria kisimani kwamba ibada ya kweli haifungwi na mlima. Hata hivyo mji huu watuuliza swali. Mjane, yatima, na mwenye kiburi aliyevunjika, wakija kanisani kwako wamechoka, je, watakuta nyumba iliyo wazi na chakula mezani? Kalwaria ulianzishwa kwa ajili ya watu wa namna hiyo. Je, mtaa wako umezaliwa nini na kanisa lako?

Na tuombe. Ee Bwana uliyeuchukua Msalaba, usituache kuutazama kwa mbali. Uinamishe mioyo yetu, uwafariji waliofiwa, na ufungue milango yetu kwa waliochoka njiani. Amina.