Gari kuukuu la spoti na matairi ya baridi: yafungwe mwaka mzima?

MWEZI Oktoba unapoingia nchini Ujerumani, gereji za matairi hujaa foleni, kwa kuwa madereva karibu wote hutaka jambo lile lile kwa wakati mmoja: kuvua matairi ya kiangazi na kufunga ya majira ya baridi. Wenyeji wana kanuni yao fupi, "kutoka O hadi O", yaani kutoka Oktoba hadi Ostern, ambayo ndiyo Pasaka.

Katika foleni hiyo hayakosekani magari ambayo mtu angedhani yamekwisha kufunikwa turubai hadi majira ya kuchipua: magari ya spoti yaliyotengenezwa miaka ya 1980 na 1990. Si kila mwenye gari la namna hiyo ana gari la pili. Wapo wanaolitumia kwenda kazini Januari kama Julai, na kwao matairi si pambo bali ni jambo la uhai. Maswali yao ni mawili, nayo yasichanganywe. La kwanza, je, matairi ya baridi yanatosha kulifanya gari hilo lipite salama kwenye theluji? La pili, yakishafungwa, kuna ubaya gani kuyaacha humo humo hadi baridi nyingine?

Tuanze na tairi lenyewe. Mpira wa tairi la kiangazi hukakamaa kadiri baridi inavyozidi, nao ukishakakamaa haushikamani tena na vinundu vidogo vidogo vya lami. Mpira wa tairi la baridi huchanganywa kwa namna ya kubaki laini hata chini ya nyuzi sifuri. Aidha, uso wake huchanjwa mikato mingi myembamba, kana kwamba umepitishwa wembe, ambayo hufunguka gurudumu linapokanyaga na kuuma theluji. Michirizi yake mikubwa nayo hujaa theluji, na jambo hilo ni la manufaa, kwani theluji hushikana na theluji kuliko inavyoshikana na mpira. Kipimo cha nyuzi joto 7 za Selsiasi kinachotajwa mara nyingi kuwa mpaka wa matairi hayo mawili ni cha kukumbukia tu. Hakuna mstari uliochorwa hapo.

Sasa tuchukue gari mahsusi. Porsche 944 ilitengenezwa kati ya mwaka 1982 na 1991, injini ikiwa mbele na giaboksi nyuma, hivyo uzito wake umegawanyika karibu nusu kwa nusu. Sifa hiyo huifanya ikate kona kwa utulivu, lakini kwenye theluji maana yake ni kwamba magurudumu ya nyuma, ambayo ndiyo yanayosukuma, yamebeba takriban nusu tu ya uzito. Ndugu yake 911, yenye injini nyuma kabisa, hupanda mlima wenye theluji kwa urahisi zaidi kwa sababu mzigo umelalia magurudumu yanayosukuma. Haikuwa bahati tu kwamba 911 ilishinda mbio za Monte Carlo mwaka 1968, 1969 na 1970. Aliyeiendesha katika ushindi wa mara mbili za mwisho, Msweden Björn Waldegård, ndiye huyo huyo ambaye wapenzi wa Safari Rally wa Afrika Mashariki watamkumbuka kwa kuishinda mara nne, kati ya mwaka 1977 na 1990.

Dereva wa kawaida, hata hivyo, si Waldegård. Magari ya 944 ya miaka ya mwanzo hayakuwa na mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge wakati wa breki kali, wala hayana vifaa vya elektroniki vya kurekebisha gari linapoanza kuteleza. Kwenye gari jipya kompyuta humsaidia dereva aliyekosea. Kwenye gari kuukuu la kusukumwa na magurudumu ya nyuma, kati ya mguu wa dereva na barafu hakuna kingine ila tairi. Ndiyo maana matairi ya baridi lazima yawe manne. Atakayefunga mawili nyuma ili asikwame, akaacha ya kiangazi mbele, ataondoka vizuri na kisha kugundua kwenye kona ya kwanza kwamba usukani unageuka lakini gari linakwenda moja kwa moja.

Kuhusu ukubwa, mwenye gari la zamani ana nafuu ambayo wenye magari mapya hawana. 944 za mwanzo zilitoka kiwandani na matairi ya 185/70 R15, na wateja waliotaka mapana zaidi waliuziwa ya 215/60 R15. Kwa majira ya baridi ni bora kurudi kwenye yale membamba, kwa sababu tairi jembamba hukata tope la theluji na kulifikia barabara, ilhali pana huelea juu yake. Cha kuangalia ni kwamba ukubwa huo umeruhusiwa katika hati za gari.

Sheria ya Ujerumani haitaji tarehe. Tangu Desemba 2010 inamtaka dereva awe na matairi yanayofaa kila barabara inapokuwa na theluji, tope la theluji au barafu, na tangu Oktoba 2024 tairi linalohesabiwa kuwa la baridi ni lile tu lenye alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Herufi M+S peke yake haitoshi tena. Anayekamatwa bila matairi hayo hutozwa euro 60 na kuandikiwa pointi moja. Jambo moja huwasahaulisha wenye magari ya spoti: 944 yenye mwendo wa takriban kilomita 220 kwa saa ikifungwa matairi ya baridi yenye herufi H, ambayo mwisho wake ni kilomita 210, sheria inaruhusu, mradi kibandiko cha kumkumbusha dereva kikomo hicho kiwe mbele ya macho yake.

Hadi hapo, jibu la swali la kwanza ni ndiyo. La pili ndilo lenye hatari, kwa sababu ubaya wake hauonekani. Tairi la baridi likitumika Julai halipasuki wala halilalamiki. Gari huenda, na dereva huona ameokoa fedha. Lakini ulaini ule ule uliomfaa Januari sasa hugeuka udhaifu: vipande vya mpira vilivyochanjwa hupinda na kutikisika juu ya lami yenye joto, usukani huwa mzito wa kuitikia, mpira hulika upesi, na breki hushika mbali zaidi.

Mbali kiasi gani? Tufanye hesabu ya mfano. Magari mawili yanakwenda kilomita 100 kwa saa, na yote yanapigwa breki pamoja. Moja linasimama baada ya mita 40, jingine, lenye mpira laini, linahitaji mita 48. Mita nane zaonekana chache. Hata hivyo, pale lile la kwanza liliposimama kabisa, la pili bado linakwenda kilomita 41 kwa saa. Kama hapo palikuwa na mtoto anavuka, basi hizo mita nane ndizo habari yote.

Wapo wanaotetea desturi ya "kuyamalizia" matairi ya baridi yaliyolika katika kiangazi chake cha mwisho. Mwandishi wa makala hii haoni hekima yake kwa gari la spoti, ambalo watu hulinunua hasa kwa jinsi linavyokata kona na kusimama. Zaidi ya hayo, seti mbili za matairi si gharama maradufu kama inavyodhaniwa, maana kila moja inapumzika nusu ya mwaka. Italia imekwenda mbali zaidi: kati ya Mei 16 na Oktoba 14 hairuhusu matairi ya M+S yenye herufi ya mwendo iliyo chini ya ile ya hati ya gari. Kwa anayeishi mahali pa theluji haba, asiyependa mbio, yapo matairi ya misimu yote yenye alama ile ya mlima. Hayo ni suluhu ya kati, na kama suluhu nyingi za kati hayang'ari upande wowote.

Tairi si adui pekee wa gari kuukuu wakati wa baridi. Chumvi inayomwagwa barabarani hula chuma. Porsche ilikuwa imeanza kupaka mabati yake zinki miaka ya 1970, hivyo bodi ya 944 hustahimili, lakini mabomba ya breki chini ya gari hayakupewa kinga hiyo. Kuoshwa chini kila baada ya siku chache za chumvi, na fundi kukagua mabomba hayo kila masika, ni kazi isiyokwepeka.

Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa asidhani habari hii haimhusu. Magari yaliyotumika kutoka Japani, hasa mikoa yake ya kaskazini yenye theluji nyingi, mara nyingine hushushwa bandarini yakiwa na matairi ya baridi. Nchini humo matairi yenye misumari yalipigwa marufuku kwa sheria ya mwaka 1990 kwa sababu ya vumbi lililotokana na lami kukwanguliwa, na mahali pake yakaenea yale ya mpira laini. Kabla ya kulipeleka gari barabarani, tazama ubavuni mwa tairi: ukiona neno "STUDLESS" au alama ya mlima na chembe ya theluji, na mikato myembamba imejaa usoni, hilo ni tairi la baridi. Angalia pia tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. Zikisomeka 3516, tairi lilitengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2016, na hata kama halijaisha meno, mpira wake umekwisha kuzeeka.