Mbwa Hatakuambia Amechoka

Julai 2020 mbwa jike aitwaye Daisy, wa uzao wa St Bernard, alikuwa akiteremka Scafell Pike, mlima mrefu kuliko yote Uingereza ukiziweka kando Scotland na Wales. Njiani akakaa chini, akagoma kuinuka. Miguu ya nyuma ilikuwa inamuuma, naye alikuwa na kilo 55. Wanakikosi 16 wa uokoaji wa Wasdale wakapanda na machela, wakamteremsha, kazi iliyowachukua kama saa tano. Uzao huo ndio uliojipatia jina kwa kuokoa wasafiri kwenye theluji ya Alps, kwa hiyo habari ilichekesha wengi. Mimi kama daktari wa mifugo kilichonivutia ni kimo cha mlima wenyewe: mita 978. Mji wa Lushoto uko juu zaidi ya hapo.

Kilichomwangusha mbwa yule kwa hiyo si mlima mkubwa. Mtu akichoka hulalamika, huomba maji, hutafuta jiwe la kukalia. Mbwa humfuata bwana wake hadi mwili ukatae, na ukishakata tamaa huwa mko mbali na barabara. Ndiyo maana dalili lazima uzitafute mwenyewe. Mbwa aliyekuwa anatangulia anaanza kutembea nyuma ya visigino vyako. Anasita mbele ya jiwe la kimo ambacho asubuhi alikiruka bila kufikiri. Mkipumzika analamba wayo mmoja tu. Na akiwa anatweta, mtazame ulimi: ukiona umerefuka na ncha yake imepanuka kama upawa, joto limeshamzidi.

Joto ndilo linaloua haraka. Mbwa ana tezi chache za jasho nyayoni, hazimsaidii kitu; anajipoza kwa kutweta. Joto lake la kawaida ni nyuzi 38 hadi 39, na likifika 41 viungo vya ndani vinaanza kuharibika. Mloweshe mara moja kwa maji yoyote uliyo nayo, mweke penye upepo, halafu ndipo ufikirie namna ya kumteremsha. Mbwa wa pua bapa, wale wanaokoroma hata wakiwa macho, mimi nasema wabaki nyumbani.

Kinachofuata ni kushuka. Mbwa akisimama tambarare, kama asilimia 60 ya uzito wake iko miguu ya mbele. Kwenye mteremko sehemu hiyo huongezeka, na kila mruko unamfikia begani. Mbwa wa uzao mkubwa mifupa yake haijakomaa kabla ya mwaka mmoja na nusu hivi, kwa hiyo usimpeleke akiwa mdogo. Kila mnapopumzika, shika wayo mmoja mmoja, tenganisha vidole, bonyeza ngozi nene ya chini. Ukiona imechubuka kidogo saa nne asubuhi, jua kuwa jioni itakuwa jeraha. Na tafadhali usimpe dawa zako za maumivu. Ibuprofeni na diklofenaki zinaweza kumtoboa tumbo na kumuua figo.

Sasa malazi, na hapa ndipo wengi hukosea hesabu. Tuseme unampeleka Alps: Klabu ya Milima ya Uswisi ina vibanda takribani 150 vya kulaza wapandaji. Vinaitwa vibanda, ingawa vingine ni nyumba za mawe za ghorofa. Wageni hulala kwenye chumba cha pamoja, godoro kando ya godoro, na saa nne usiku kila mtu ananyamaza kwa sababu kuna watakaoamka alfajiri kufuata kilele. Mbwa haingii chumba hicho. Baadhi ya vibanda vina stoo au chumba cha pembeni anakoweza kulala, vingine havimpokei kabisa, kwa hiyo mpigie simu mtunzaji kabla ya kupanga njia. Hili linakupa swali jingine: mbwa wako amewahi kulala peke yake mahali pageni? Kama hajazoea, atabweka usiku kucha, watu ghorofani wasilale, na kesho yake nyote wawili mtatembea mkiwa hoi. Mzoeze nyumbani kwanza, miezi, si wiki.

Hatari ambayo wageni wa Alps hawaitarajii ni ng'ombe. Majira ya joto huachwa malishoni na ndama wao, na njia za wapandaji hupita katikati. Mwaka 2014 kwenye bonde la Pinnistal, Tirol, Austria, mwanamke kutoka Ujerumani aliyekuwa na mbwa alishambuliwa na ng'ombe akafa. Kamba ya mbwa ilikuwa imefungwa kiunoni mwake. Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya Austria, na mwaka 2020 lawama ikagawanywa nusu kwa nusu kati ya mfugaji na marehemu. Ng'ombe mwenye ndama akimwona mbwa anaona mbwa mwitu, na hasira yake inamlenga mbwa, siyo wewe. Mfupishie kamba mkononi, mpite mbali. Ng'ombe wakikujia, mwachie mbwa. Anakimbia kuliko wewe.

Kwetu swali la kumpandisha mbwa mlimani halifiki mbali, maana mbwa haruhusiwi kuingia Hifadhi ya Kilimanjaro wala hifadhi nyingine za taifa Tanzania. Wapo wanaoona ni ukali wa bure. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa, ukisaidiwa na vimelea vinavyoenezwa na kupe, uliua takribani theluthi moja ya simba wa Serengeti, na wataalamu waliufuatilia hadi kwa mbwa wa vijiji vilivyo jirani. Kwa maoni yangu katazo hilo halihitaji utetezi mwingine. Aliye Nairobi anaweza kumjengea mbwa misuli Msitu wa Karura, ambako anaruhusiwa akiwa na kamba.

Na anayetaka kumpeleka mbwa Alps kutoka Kenya au Tanzania aanze na karatasi. Mbwa awekwe chipu, kisha achanjwe kichaa cha mbwa. Siku zisizopungua 30 baada ya chanjo atolewe damu, ipimwe kinga kwenye maabara iliyoidhinishwa na Umoja wa Ulaya, na kuanzia siku ya kutolewa damu isubiriwe miezi mitatu kabla ya kuingia. Kwa safari ya Julai, sindano iwe imeshachomwa kabla Februari haijaisha.