Zana za Kukodi

Miongoni mwa vijana wetu wa Mpanda wamo wanaofanya kazi ambayo wazee wengi hawajaitambua kuwa ni kazi. Hawashiki jembe wala nyundo. Wanakaa mbele ya kompyuta wakitunga programu, yaani maagizo yanayoiambia mashine namna ya kujumlisha kilo za tumbaku, kupanga majina ya wagonjwa au kudai ushuru wa soko. Kijana wa namna hiyo akisema kwamba zana zake haziachani na siasa, watu humcheka. Sisi hatumcheki. Twaona ana haki, nasi twataka kueleza sababu.

Tuanze na jambo ambalo kila mkazi wa hapa analijua. Reli itokayo Kaliua kuja Mpanda ilijengwa na wakoloni mwishoni mwa miaka ya 1940. Haikujengwa kwa ajili ya Mbende, Mkonongo wala Mpimbwe, bali kwa ajili ya madini ya risasi yaliyochimbwa hapa na kampuni ya kigeni. Karibu na wakati wa Uhuru mgodi ukafungwa, na wenyewe wakaenda zao. Hata hivyo reli ilibaki, nayo imetufaa kwa mahindi na kwa abiria waendao Tabora, kwa kuwa chuma hulala pale kilipotandikwa, na kwa kuwa watu wetu walijifunza kuiendesha na kuitengeneza. Programu ya kukodi haina tabia hiyo. Mwenyewe akiifunga huko aliko, asubuhi yake halmashauri haina hata kipande cha chuma cha kuokota.

Taifa letu lilikwisha kulionja jambo hili. Kompyuta ya kwanza ya Serikali iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Watanzania walioifahamu mashine ile walikuwa wachache mno, na walioshika elimu yake hasa walikuwa wageni. Hesabu zikavurugika, fedha zikapotea, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Wako wanaolitaja katazo lile kwa kejeli, kana kwamba viongozi wa siku zile waliogopa maendeleo. Hatukubaliani nao. Walioamua waliona sawasawa kwamba tulikuwa tukilipia kitu tusichokitawala. Walikosea katika dawa: walikataza mashine, ilhali kilichopungua ni mafundi. Miaka ikapita, na vijana ambao wangeweza kujifunza hawakupata cha kujifunzia.

Hata mataifa makubwa hayajaokoka na jambo hili. Wale waliokuwa wakijenga Linux, programu ambayo leo inaendesha sehemu kubwa ya mitambo ya intaneti duniani, walikuwa wakitunza kazi yao kwa chombo kiitwacho BitKeeper. Kampuni yenye chombo hicho iliwapa ruhusa ya kukitumia bure. Mwaka 2005 ruhusa hiyo ikaondolewa. Linus Torvalds, kiongozi wa kazi ile, hakuandika barua ya kulalamika. Katika muda wa majuma machache alitunga chombo kipya, Git, akakitoa kwa watu wote. Leo ni vigumu kumpata mtunga programu asiyekitumia, Mpanda kama London.

Lakini tazameni jinsi kamba ilivyorudi shingoni. Wengi huweka kazi zao za Git katika ghala moja la Marekani, GitHub, lililonunuliwa na Microsoft mwaka 2018. Mwaka 2019, kwa sababu ya vikwazo vya Serikali ya Marekani, ghala hilo liliwafungia huduma watunga programu wa Iran, Syria na Crimea. Wale hawakuwa mawaziri wala majenerali. Walikuwa vijana wa kazi, kama wetu. Na sasa imekuja akili mnemba, inayomsaidia mtu kutunga programu kwa haraka ya ajabu, na kulipiwa kila mwezi kwa dola. Atumiaye na atumie; lakini asisahau kujifunza kazi yenyewe.

Nasi tulipata kipimo chetu. Baada ya uchaguzi mkuu wa tarehe 29 Oktoba 2025 intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa. Siku zile watu walipoteza maisha, na jambo hilo ni zito kuliko zana yoyote; linastahili kusemwa peke yake, kwa ukweli. Kwa upande wa kazi tu twasema hivi: aliyekuwa na zana zake na nakala ya kazi yake ndani ya kompyuta yake aliendelea, na ambaye kila kitu chake kilikuwa ng'ambo alikaa bure.

Isidhaniwe kwamba hatuwezi. Kila mfanyakazi aliyewahi kulipa ada ya Serikali kwa kontroo namba ametumia mfumo ulioanza mwaka 2017, nao ulitungwa na Watanzania. Tunayo Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019, na Mamlaka yake. Kwa hiyo swali halihusu akili za watu wetu. Swali ni nani aliyeko Nsimbo, Mlele, Mpimbwe au Tanganyika mfumo unapogoma siku ya mizani, mkulima amesimama na mzigo wake, na aliyeuelewa yuko Dar es Salaam au ng'ambo hapokei simu.

Bajeti za halmashauri zinapojadiliwa, madiwani wetu waulize mambo mawili tu kwa kila programu inayonunuliwa: maandishi yake ya asili yanawekwa mikononi mwa nani, na ni kijana gani wa mkoa huu atakayefundishwa kuyasoma na kuyabadili. Mzabuni asiyeweza kujibu arudishiwe karatasi zake.